Dawa za dizeli na pampu ya CAV ya zamani: kipi kinunuliwe, kipi kibaki dukani

Pampu ya CAV aina ya DPA, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, haina oili yake yenyewe. Hilo ndilo la kwanza kulijua kabla hujatoa hela kwa chupa yoyote ya dawa ya dizeli. Imefungwa kwenye Massey Ferguson 135, 165, 240 na 290 zenye injini za Perkins, imo kwenye Ford kadhaa za rika hilo, na imo kwenye jenereta na kompresa nyingi ambazo rangi ilishapauka lakini bado zinaingiza pesa. Ndani yake rota inazunguka katika hedi kwa nafasi ya mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu, wakati unywele mmoja wa mtu una mikroni kama 70. Kinachozuia vyuma hivyo viwili visigusane ni utando wa dizeli inayopita katikati. Plunja mbili, roli zake, ringi ya kemu, vibapa vya pampu ndogo ya nyuma, vyote vinalainishwa na dizeli hiyo hiyo. Ikiwa nyepesi mno, chafu au ina maji, chuma kinakula chuma.

Kwa hiyo hapa kila kitu kinachouzwa kaunta au kushauriwa gereji tumekipima kwa swali moja: kinamsaidia nini rota na hedi yake? Madai mengine ya lebo, kama nguvu kuongezeka, moshi kupungua au lita kuokolewa, yanakuja nyuma sana. Trekta la miaka arobaini halihitaji nguvu zaidi. Linahitaji pampu isife, kwa sababu hedi na rota mpya ni pesa inayotosha kununua mafuta ya sehemu kubwa ya msimu.

Dizeli yenyewe ikoje sasa

Tarehe 1 Januari 2015 Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi 50 ppm, yaani sehemu 50 kwa milioni. Tangu hapo imeenea kauli kwamba salfa ndiyo iliyokuwa ikilainisha pampu, na sasa imeondolewa. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Salfa yenyewe hailainishi kitu. Viambato vinavyoshika kwenye chuma na kukipa utelezi ni vingine, ila huondoka pamoja na salfa pale kiwanda kinapoyasafisha mafuta kwa hidrojeni. Wasafishaji wanalijua hilo, na dizeli inayokidhi viwango hurudishiwa dawa ya utelezi kabla haijafika kituoni.

Utelezi huo hupimwa kwa kipimo kiitwacho HFRR. Gololi ya chuma ya milimita 6 husuguliwa juu ya bamba la chuma ndani ya mafuta yenye nyuzi 60 kwa dakika 75, kisha kovu lililobaki kwenye gololi linapimwa kwa mikroni. Kovu kubwa maana yake utelezi mdogo. Kiwango cha Ulaya, EN 590, kinakubali kovu lisilozidi mikroni 460, na cha Marekani, D975, kinakubali hadi 520. Kumbuka namba hizo mbili, zitakusaidia ukifika kwenye kaunta.

Dizeli mbichi ya kituo chenye wateja wengi, iliyoingia tenkini wiki hiyo, haina njaa kubwa ya dawa. Wanaoua pampu ni watatu: pipa lililokaa shambani miezi, maji, na mafuta ya taa. Uchanganyaji wa mafuta ya taa si uvumi. Tanzania ilianza kutia vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ili kuwabaini wachakachuaji, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuiua faida ya mchezo huo. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko dizeli na yana utelezi mdogo. Lori lenye pampu ya Bosch ya mstari linaweza kuyavumilia muda mrefu kidogo. DPA haiyavumilii.

Oili ya tu-stroku: 4 kati ya 5

Hii ni ile oili ya kuchanganya na petroli kwa mashine za boti na misumeno ya mnyororo. Kwa pampu ya DPA inayotumia dizeli ya pipa, ndiyo dawa ya bei nafuu inayofanya kazi kweli.

Ushahidi wake unaojulikana zaidi ni jaribio la mwaka 2007 lililofanyika Marekani, ambapo dawa 19 zilichanganywa kwenye dizeli moja isiyotiwa chochote na kupitishwa kwenye HFRR. Dizeli yenyewe ilipata kovu la mikroni 636. Oili ya tu-stroku kwa kipimo cha moja kwa mia mbili ililishusha hadi 474. Haikufika 460 ya Ulaya, lakini iliingia ndani ya 520 ya Marekani, na ilizishinda chupa kadhaa zenye jina kubwa na bei kubwa. Baadhi ya chupa hizo ziliacha kovu kubwa kuliko dizeli tupu. Ni jaribio moja, kwa dizeli ya aina moja, kwa hiyo usishikilie kila mikroni. Mpangilio wa nani yuko juu na nani yuko chini ndio wa kuutazama.

Kipimo: mililita 5 kwa kila lita ya dizeli. Dumu la lita 20 linachukua mililita 100, tenki la lita 40 linachukua 200, na pipa la lita 200 linachukua lita moja kamili. Tumia bomba la sindano kubwa au kikombe chenye alama, si kwa macho. Mimina oili kwanza, dizeli juu yake, ili ichanganyike inapomiminwa. Ukizidisha hadi moja kwa hamsini hupati ulinzi maradufu. Unapata moshi wa bluu na masizi kwenye ncha za nozeli.

Aina ya kununua ni yenye maandishi TC-W3, ile ya mashine za boti. Imetengenezwa bila madini yanayoacha majivu, wakati oili nyingi za pikipiki zina majivu kidogo. Kwa walio Mombasa, Lamu, Tanga, Mwanza au Kigoma hii haina shida, maana kila duka la vifaa vya uvuvi linayo. Bara, uliza dukani kwa jina hilo la TC-W3 na usikubali uambiwe ni ileile. Tumeinyima alama ya tano kwa sababu haisafishi nozeli, haitenganishi maji na haiui vijidudu. Ni ya utelezi tu.

Biodizeli asilimia mbili: bora kwa namba, ngumu kuipata

Biodizeli ni dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Katika jaribio hilo hilo, ile ya soya kwa asilimia 2 ilishusha kovu hadi 221. Hakuna chupa iliyoikaribia. Iliyofuata, Opti-Lube XPD, ilipata 317. Lita nne za biodizeli halali ndani ya pipa la lita 200, na pampu yako inapata utelezi kuliko ilivyoupata enzi zake.

Tatizo liko kwenye neno halali. Mafuta ya kupikia yaliyochujwa si biodizeli. Ni mazito, na asubuhi ya baridi ya Limuru au Njombe yanaigandamiza rota ya DPA hadi shafti ya kuendeshea inaweza kukatika. Injini za mtindo wa Lister zimewahi kuendeshwa kwa mafuta ya mbono kaburi vijijini Tanzania, na zikasaga nafaka. Lakini pampu ya Lister ni plunja moja nene inayosukumwa na kemu ya injini, haina undugu na DPA. Biodizeli ya kupikwa nyumbani isiyooshwa vizuri nayo hubaki na spiriti na magadi. Kama huna muuzaji anayeonyesha cheti cha maabara, iache. Na hata ukiipata, usiiweke kwenye pipa la kukaa miezi, maana inavuta unyevu na kuchacha.

Chupa za kusafisha nozeli: 3, kwa masharti

Kirinyaga Road kule Nairobi na Gerezani pale Dar es Salaam utazikuta Wynn's, STP, Liqui Moly na wenzao kwenye rafu moja. Nyingi ni sabuni ya nozeli. Zinafanya kazi yake: gundi ya kahawia inayobaki kwenye sindano ya nozeli dizeli ikikaa tenkini miezi inayeyuka, na injini iliyokuwa ikimisi kidogo ikiwa baridi inatulia. Lakini sabuni ya nozeli si lazima iwe na utelezi, na hapo ndipo wengi wananunua kisichowahusu.

Soma upande wa nyuma. Unatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni tamko la utelezi, na bora zaidi likitaja HFRR au kiwango cha 460 au 520. Chupa inayosema tu kwamba inalinda injini haijasema chochote. Cha pili ni inafanya nini na maji. Zipo dawa zinazotenganisha maji yakazama chini ya filta, ukayafungulia. Zipo zinazoyavunja yakachanganyika na dizeli na kupita yote kwenye pampu. Kwa DPA chukua ya kutenganisha, kila mara. Ile ya kuchanganya inapeleka maji mahali ambapo vali ya kupimia mafuta inakaa, na vali hiyo ikishika kutu kidogo tu, injini inapanda na kushuka resi yenyewe, au inagoma kuwaka kabisa.

Bei ipime kwa lita inazotibu. Chupa ndogo inayotosha lita 60 inaweza kuonekana rahisi kuliko kopo linalotosha lita 500, hadi ugawanye.

Kuna onyo ambalo lebo huliandika kwa herufi ndogo au haliandiki. Tenki la zamani lina uchafu ulioganda ukutani tangu enzi za mwenye trekta wa kwanza. Sabuni ikiingia, uchafu huo unabanduka. Saa 10 hadi 20 za kwanza za kazi, filta inaweza kuziba ghafla katikati ya shamba. Kabla ya chupa ya kwanza, fungua tenki, mwaga mabaki, suuza, na uwe na filta ya akiba kwenye boksi la spana.

Dawa ya kunyweshwa moja kwa moja, kama Diesel-Spülung ya Liqui Moly, ni jambo jingine. Bomba la kuingiza na la marejeo huchomolewa kwenye tenki na yote mawili kuzamishwa kwenye chombo safi chenye dawa, injini ikanguruma taratibu huku ukiongeza na kupunguza resi. Kwa nozeli zilizolala muda mrefu, inasaidia. Masharti ni mawili: filta mpya kabla ya kuanza, na uzime injini kabla chombo hakijaisha. Pampu ikivuta hewa, rota inazunguka kavu. Na ujue kwamba oringi za zamani za shafti ya resi zilizokuwa zimebanwa na gundi zinaweza kuanza kuvuja baada ya usafi huo. Seti ya sili ni rahisi, ila iwe mkononi.

Nozeli iliyolika kiti chake haiponi kwa chupa. Inatiririka badala ya kupuliza, injini inagonga na kutoa moshi mweusi. Ing'oe, ipimwe kwenye mashine ya mkono, ibadilishwe.

Dawa ya vijidudu: 5 ukiihitaji, 0 usipoihitaji

Ukifungua filta ukakuta ute mweusi au wa kahawia unaonuka kama tope la mfereji, hiyo si lami. Ni vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana, na asidi yao inatoboa tenki na kutia kutu pampu. Biobor JF inatiwa kwa 270 ppm kuua, na 135 ppm kuzuia. Kwa pipa la lita 200, kipimo cha kuua ni kama gramu 45, cha kuzuia nusu yake. Vaa glavu, maana inaunguza ngozi.

Mpangilio wa kazi ndio unaoamua kama itafaa. Kwanza toa maji yote, kwa sababu yakibaki vijidudu vitarudi. Kisha tia dawa, acha siku moja au mbili, halafu badilisha filta, kwa kuwa maiti za vijidudu zinaziba kuliko walio hai. Ute ukiwa mnene, dawa peke yake haitoshi. Pipa lioshwe.

Vya kuacha

Viongeza setani, yaani dawa za kuifanya dizeli iwake upesi ndani ya silinda, vina kazi kwenye injini mpya zenye dizeli mbovu. Perkins ya zamani itanufaika kidogo kwa moshi mweupe wa asubuhi kwenye nyanda za baridi, basi. Alama 2.

Oili chafu ya injini iliyochujwa kwa kitambaa bado inapendwa na mafundi wengi. Kwenye jaribio lile ilipata 634, yaani hakuna tofauti yoyote na dizeli tupu ya 636. Unachoingiza ni masizi na vumbi la chuma ambavyo kitambaa hakiwezi kuvikamata. Alama sifuri.

Oili ya giaboksi ya ATF ilitengenezwa kwa ajili ya giaboksi, na sifa yake ya kusafisha nozeli imekuzwa mno. Haitaua pampu kwa kiasi kidogo, ila kwa hela hiyo hiyo oili ya TC-W3 ina namba nyuma yake.

Spiriti na petroli ya kukausha maji ni mbaya kuliko vyote. Spiriti inanyonya maji na kuyapitisha kwenye pampu, inapunguza utelezi na kukausha oringi. Mwenye John Deere au mashine nyingine yenye pampu ya Roosa Master ana sababu ya ziada ya kuiogopa: ndani ya gavana, kidhibiti cha resi, kuna ringi laini ambayo kwa uzee humomonyoka ikawa chembe nyeusi, na chembe hizo huziba njia ya marejeo hadi injini inazima. Pampu hizo zinapofunguliwa, sisitiza wafunge ringi ya aina mpya.

Filta CAV 296, dawa ya kweli kuliko zote

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja, nunua filta. Elementi ya 296 ipo kila mji wenye matrekta, na bandia zake zipo kila mji pia. Nzuri ina karatasi iliyokunjwa kwa karibu na kwa usawa, gundi yake imejaa pande zote za kofia, na raba zake ni laini ukizikunja. Bandia ina mikunjo michache iliyolala upande, na raba ngumu zinazopasuka ukizivuta.

Kosa la kawaida kuliko yote kwenye kufunga liko juu, ndani ya hedi ya filta. Raba ya zamani hubaki imeshika kwenye mfereji wake, nyeusi kwenye weusi, haionekani. Fundi anaweka mpya juu yake. Inaonekana imekaza, lakini inavuta hewa, na trekta linaanza kuzima lenyewe baada ya nusu saa ya kazi. Chokoa mfereji kwa ncha ya mti au plastiki, si bisibisi, hadi uone chuma. Weka na raba ndogo ya katikati, ambayo husahaulika boksini. Bolti ya katikati ikazwe kwa spana fupi na mkono mmoja. Hedi ni aluminiamu, nyuzi zake zinakatika, na zile zenye bakuli la kioo hupasuka.

Kutoa hewa kuna mpangilio wake, na unaporukwa betri ndiyo inayolipa. Spana ni za inchi. Legeza skrubu ya hewa juu ya filta, piga kijiti cha fidi pampu, ile ndogo inayovuta dizeli kutoka tenkini, kwa mkono hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Kijiti kikiwa laini bila uzito wowote, kemu ya injini imekiinua. Zungusha injini mzunguko mmoja, kitashika. Kisha legeza skrubu ya ubavuni kwenye hedi ya pampu, na ile ya juu kwenye kifuniko cha gavana. Piga tena hadi zote mbili zitoe dizeli safi, kaza ya hedi kwanza, ya gavana baadaye. Mwisho legeza nati za mabomba mawili kwenye nozeli, vuta mkono wa resi hadi mwisho, hakikisha kitasa cha kuzimia kimerudishwa, piga stata hadi mafuta yaruke kwenye nati, kaza. Stata isizidi sekunde 15 kwa mkupuo.

Usipime uvujaji wa nozeli au bomba la presha kwa kidole. Dizeli inayotoka hapo inapenya ngozi, na kidole kinaweza kukatwa hospitali. Tumia kipande cha katoni.

Pipa nalo lina sheria zake. Liinamishwe kidogo, mdomo wa kuvutia ukiwa upande wa juu na bomba likiishia sentimita 8 hadi 10 juu ya sakafu ya pipa. Baada ya kulijaza au kulisogeza, liachwe siku nzima litulie. Dawa ya kupaka ya kupimia maji, kama Kolor Kut, hupakwa kwenye ncha ya fimbo, na pale ilipogusa maji hubadilika kutoka kahawia ya dhahabu kuwa nyekundu kali. Kijitungi kimoja kinadumu sana, na kwa mwenye mapipa kinastahili alama 5. Tenki la trekta lijazwe jioni, si asubuhi, ili usiku wa baridi usikute nafasi ya kutengeneza jasho ndani.

Trekta linalopumzika msimu mzima lipewe oili ya tu-stroku kwa kipimo kile kile, tenki lijazwe, kisha lingurume nusu saa ili mchanganyiko ufike kwenye pampu na nozeli. Siku ya kuliwasha tena, mtu asimame karibu na bomba la hewa akiwa na ubao bapa. Vali ya kupimia ikiwa imeshikana wazi, injini itapaa resi na kitasa cha kuzimia hakitasaidia. Ubao kwenye mdomo wa hewa utaizima. Mkono hapana.

Pampu nyingine

Simms Minimec ya Ford 5000 ina oili yake kwenye kisanduku cha kemu. Hapo dawa ya dizeli inahusu plunja tu, na kazi kubwa zaidi ni kubadilisha oili hiyo kila unapobadilisha ya injini, kwa sababu dizeli inayovuja kwenye plunja huizimua taratibu ikawa nyepesi. Bosch za mstari nyingi hupata oili kutoka kwenye injini yenyewe. Mashine za kusagia zenye Lister au nakala zake za India hazihitaji chupa yoyote: dizeli safi, filta, na tanki la juu lisafishwe.

Pampu inapokuwa imekwisha

Dalili ya DPA iliyolika inajulikana kote. Asubuhi inawaka vizuri. Mchana ikizimwa ikiwa ya moto, inagoma hadi ipoe. Dizeli ya moto ni nyepesi, inavuja kati ya rota na hedi, na kwa mwendo mdogo wa stata presha haitoshi kufungua nozeli. Mafundi humwagia pampu maji baridi ikawaka. Kama unataka kuhakikisha, tumia kitambaa kilicholowa, injini ikiwa imezima, na ukiegemeze kwenye hedi dakika chache. Ikiwaka, umeshajua: rota na hedi zimekwisha. Usimwagie maji pampu inayozunguka. Mwili wa nje unasinyaa kabla ya rota, na inashika hapo hapo. Dawa yenye uzito kidogo inaweza kuficha dalili hii kwa muda, lakini nafasi iliyokwisha kulika hairudi.

Angalia pia kijiti cha oili ya injini. Oili ikipanda badala ya kushuka, na ikinuka dizeli, ni ama sili ya shafti ya pampu au diaframu ya fidi pampu. Fidi pampu ni rahisi, ianze kukaguliwa. Usiendelee kulima na oili hiyo, bearingi za kreki zitafuata.

Ukipeleka pampu mjini, chagua gereji yenye benchi la kupimia, si yenye spana tu. Nakili namba za bamba dogo ubavuni kabla hujaiacha, aina na ile ya mpangilio, kwa kuwa DPA mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na ringi za kemu na resi tofauti kabisa. Uliza kama benchi linatumia mafuta ya majaribio ya ISO 4113 au dizeli ya kawaida. Dai sehemu zilizotolewa urudishiwe, na karatasi yenye kiasi cha mafuta kwa kila nozeli katika resi tofauti, presha ya pampu ya ndani, na resi ya juu isiyo na mzigo. Anayefanya kazi ya kweli anayo karatasi hiyo. Na kabla ya kuifunga pampu iliyotoka benchi, badilisha filta, safisha tenki na upulize mabomba yote ya kuingiza, la sivyo uchafu ulioiua ya kwanza utaikuta na hii.